Nyonga Haisemi Uongo: Dinosaria Walivyotembea

(Hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi)

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, na nyie mliokuwa mnapita na baiskeli zenu mkasikia spika mkaingia: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, nimeipokea hata kabla hamjaitoa.

Mwalimu aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, njoo utuzungumzie dinosaria, ila usituletee majina marefu." Nikamuuliza watoto wanataka kujua nini hasa. Akanisomea swali la binti mmoja wa kidato cha pili, nami nimelileta kama lilivyo: "Hao dinosaria wanaokimbia kwenye sinema, nani alikuwepo akawaona wakikimbia?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wazima.

Hakuna aliyekuwepo, mwanangu. Ukiwaacha ndege, dinosaria wa mwisho walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Zile nyayo za Laetoli mnazosoma darasani, za watu wa kale waliopita kwenye majivu ya volkano, zina miaka milioni 3.66 tu. Kwa hiyo kila mwendo wa dinosaria uliouona kwenye skrini, kuna mtu aliukisia. Lakini kukisia kuna namna mbili: kuna kwa ushahidi, na kuna kwa mazoea. Na mazoea yaliwadanganya hata maprofesa.

Tuanzie kwetu. Kusini, Mkoa wa Lindi, kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa pale. Nasema yaliendesha, waliochimba walikuwa watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu ikabebwa vichwani na mabegani mpaka Lindi mjini, mwendo wa siku kama nne, zaidi ya tani 200 kwa jumla, kisha ikapakiwa melini. Mpaka leo iko Berlin. Hilo la kuwa huko lina hotuba yake, na siku mkiniita kwa hilo nitakuja na sauti nyingine.

Mkubwa wao wanamwita Giraffatitan. Jina refu, samahani mwalimu, lakini hili ni letu, limebeba twiga ndani yake. Ana urefu wa mita 13 na sentimita 27 kutoka sakafuni mpaka utosini. Alisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Sasa tazameni walivyomsimamisha: miguu ya nyuma imenyooka, lakini ile ya mbele viwiko vimetoka nje kidogo, kama kenge anayejiinua, na mkia umeshuka mpaka chini. Alisimama hivyo miaka mingi, watu wakapiga picha, vitabu vikachapishwa. Mwaka 2007, baada ya ukarabati wa ukumbi, akarudishwa akiwa amesimama vingine: miguu ya mbele imenyooka wima chini ya mwili, mkia uko hewani. Mifupa ni ileile iliyotoka Lindi. Mwendo ndio uliobadilika.

Kwa nini walimkunja viwiko? Kwa sababu dinosaria ni reptilia, na reptilia wanaowajua wao, mjusi, kenge, mamba, wanatambaa. Ndiyo hayo mazoea ninayoyasema. Na kulikuwa na waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1908 Oliver Hay, Mmarekani, na mwaka uliofuata Gustav Tornier wa Berlin, walidai kwamba dinosaria aitwaye Diplodocus, mwenye urefu wa zaidi ya mita 20, alitambaa kabisa, miguu ikiwa pembeni na tumbo chini. William Holland wa Pittsburgh akawajibu mwaka 1910. Alichukua mifupa yenyewe akajaribu kuipanga walivyotaka. Ili kumtambaza, ilibidi fupa la paja litoke kwenye tundu lake. Na hata akikubali kuteguka, mbavu zake zilikuwa zinashuka chini kuliko nyayo. Maana yake mnyama huyo angehitaji handaki la kupitishia tumbo kila anapokwenda! (Kicheko.) Mnacheka, lakini ndivyo Holland alivyowachekesha watu wa wakati ule, na mpaka leo sijaona hoja iliyomshinda.

Hebu simameni. Wote, hata mgeni rasmi, nakuomba. Weka kiganja pembeni ya nyonga, chini kidogo ya mkanda. Nyanyua goti mbele, shusha. Nyanyua, shusha. Unasikia mfupa unavyozunguka chini ya kiganja? Fupa la paja lina kichwa cha mviringo kilichogeukia ndani, kimeingia kwenye nyonga kutoka ubavuni, na mguu wote uko chini yako. Uzito wako unashuka kwenye mfupa wenyewe, misuli haisumbuki sana. Kaeni, ahsanteni.

Kenge hana hilo. Paja lake linatoka nje, kisha goti linakunja kwenda chini, kwa hiyo kusimama kwake tu ni kazi. Akikimbia anapinda mwili kulia na kushoto, na kila pindo linabana pafu la upande mmoja. Ndiyo maana mijusi wengi hukimbia kidogo, wakasimama, wakahema. Mamba yuko katikati: akitaka hujiinua akatembea juu juu, akichoka analala. Dinosaria wao wana alama ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haikosi: tundu la nyonga limetoboka upande wa pili, unapitisha mkono, na kichwa cha paja kimegeukia ndani kikaingia humo. Ukiokota nyonga ya namna hiyo huna haja ya kuuliza mwenye nayo alitambaa au alisimama. Alisimama.

Na kabla yao? Hapa tena jibu limetoka Tanzania. Bonde la Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa, lina mifupa ya wanyama wa zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, waliotangulia au kukaribiana na dinosaria wa kwanza. Mmoja aliitwa Asilisaurus mwaka 2010. Mwingine, Teleocrater, mifupa yake iliokotwa mwaka 1933 lakini akaja kupewa jina rasmi mwaka 2017, akiwa amekaa makabatini muda mrefu. Wote wawili walitembea kwa miguu minne. Teleocrater alikuwa na kifundo cha mguu kinachofanana na cha mamba. Watu walitarajia jamaa hao wa mapema wawe vijinyama vyepesi vya miguu miwili. Ruhuhu ikasema hapana.

Sasa mkia. Watoto wanadhani mkia ni pambo. Dinosaria wa miguu miwili alikuwa mzani: kifua na kichwa upande mmoja, mkia upande wa pili, nyonga katikati. Lakini si kusawazisha tu. Ndani ya shina la mkia kulikuwa na msuli mnene uliotoka kwenye pingili za mkia ukaja kushika nyuma ya fupa la paja, kwenye kinundu ambacho bado kinaonekana juu ya mfupa. Msuli huo ukivuta, paja linarudi nyuma na mnyama anasukumwa mbele. Mamba anao mpaka leo. Yaani mkia ulikuwa injini, na ndiyo maana mkia uliolala chini ukiburuzwa hauingii akilini. Kwenye njia za nyayo za dinosaria zilizopatikana duniani, ni nadra sana kuona mchirizi wa mkia katikati.

Kuku, ambaye ni dinosaria aliyebaki, mkia huo aliupoteza, na kutembea kwake kukabadilika. Paja lake limelala karibu sambamba na ardhi, limefichwa ndani ya manyoya. Kile unachodhani ni goti lake linalokunja kinyumenyume ni kifundo cha mguu. Ukila paja la kuku Jumapili liangalie kwanza, utaelewa. Watafiti wa Chile wakajiuliza: je, tukimrudishia mkia? Wakachukua vifaranga, wakawafunga kijiti chenye uzito nyuma, na kila walivyokua wakawabadilishia kikubwa zaidi. Wale kuku wakaanza kusimama na paja limeshuka wima zaidi, na kutembea kwa kusogeza paja lote kutoka nyongani badala ya kutegemea goti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata wakapewa ile tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza ukafikirisha baadaye. Naomba msiende kuwafunga kuku wa mama vijiti. Nitalaumiwa mimi.

Kuku huyohuyo ndiye aliyemshusha hadhi Tyrannosaurus rex, au T. rex, yule mla nyama mkubwa wa kwenye sinema. Mwaka 2002 watafiti John Hutchinson na Mariano Garcia walipiga hesabu: ili kukimbia kasi, mnyama wa ukubwa ule anahitaji misuli kiasi gani miguuni? Wakamkuza kuku kwenye hesabu mpaka akawa na tani sita kama T. rex. Kuku wa tani sita asingeweza kukimbia kabisa. Mguu mmoja tu ungehitaji misuli yenye uzito karibu sawa na mwili mzima. Sababu ni hii: ukimrefusha mnyama mara mbili kwa kila upande, uzito wake unapanda mara nane, lakini nguvu ya msuli, inayotegemea unene wake, inapanda mara nne. Nusu ya deni inabaki hailipwi. T. rex alikuwa na miguu bora kuliko kuku wa kwenye hesabu, lakini hakuponyoka sheria hiyo. Mwaka 2017 William Sellers wa Manchester na wenzake walionyesha kwamba kama angejaribu kukimbia kweli, mifupa ya miguu ingevunjika. Kasi yake ikabaki kwenye kilomita 20 hivi kwa saa. Na mwendo wake wa kawaida, wa kwenda na shughuli zake? Mwaka 2021 Pasha van Bijlert wa Uholanzi aliukadiria kwa namna mkia ulivyokuwa ukinesa juu na chini kila hatua. Alipata kilomita 4.6 kwa saa. Ndio mwendo wako ukitoka Ngamiani huna haraka.

Najua vijana mmesikitika. Mlimtaka awe anakimbizana na magari. Mimi ananivutia zaidi hivi, maana mnyama wa tani sita anayekwepa kuanguka ni mnyama mwenye akili. Akijikwaa akiwa kasi, mikono yake mifupi isingemsaidia kitu.

Wakubwa wenye miguu minne ndio kabisa hawakukimbia. Giraffatitan wetu miguu yake ni nguzo, na vidole vya mbele havikulala chini kama vyetu. Mifupa ya kiganja ilisimama wima imepangwa nusu duara. Uzito wake umekuwa ukibishaniwa: mwaka 1962 mtafiti Colbert alisema tani 78, mwaka 2009 mwenzake Taylor akasema tani 23. Tofauti kubwa hivyo kwa mnyama yuleyule! Sehemu ya sababu ni kwamba pingili za shingo na mgongo wake zilikuwa na mashimo ya hewa, kama walivyo ndege. Zamani, kwa kuona ukubwa wake tu, walimchora amezama ziwani, pua nje, maji yambebe. Mwaka 1951 mtafiti Kermack akaonyesha kwamba mapafu yakiwa mita kadhaa chini ya maji, mgandamizo wa maji usingemruhusu kuvuta pumzi. Basi akatolewa majini.

Nimesema mengi ya mifupa. Nyayo ni jambo jingine, na mimi nazipenda zaidi, kwa sababu mfupa ni wa mnyama aliyekufa lakini unyayo aliuacha akiwa hai, anaelekea mahali.

Mwaka 1976 Mwingereza Robert McNeill Alexander alitoa njia ya kupata kasi kutokana na nyayo. Nitawafundisha sasa hivi. Pima urefu wa unyayo, zidisha kwa nne, unapata takribani urefu wa mguu mpaka nyongani. Jipimeni wenyewe, hamtakuwa mbali sana. Kisha pima hatua kamili, yaani kutoka unyayo wa kushoto mpaka unyayo wa kushoto unaofuata. Hatua ikiwa chini ya mara mbili ya urefu wa mguu, alikuwa anatembea. Ikipita karibu mara tatu, alikuwa anakimbia. Katikati hapo ni mchakamchaka. Tuchukulie unyayo wa nusu mita: mguu ni mita mbili. Hatua ikiwa mita 2.6, kanuni ya Alexander inatoa kilomita 6 hivi kwa saa. Hatua ikirefuka ikawa mita tano, inatoa kama 18. Hakuna mfupa hata mmoja uliohitajika hapo.

Njia nyingi za nyayo ni za kutembea tu, kama ambavyo na sisi tunatembea zaidi ya kukimbia. Lakini kuna chache za kasi. Huko Igea, Hispania, nyayo zenye urefu wa kama futi moja zilizochapishwa habari zake mwaka 2021 zinaonyesha dinosaria mla nyama aliyefikia karibu kilomita 45 kwa saa. Usain Bolt, siku alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, mwaka 2009, kasi yake ya juu ilikuwa hapohapo. Na alikimbilia wapi? Berlin, mji uleule walikolala dinosaria wetu.

Zinazonishangaza kuliko zote ziko Moyeni, kusini mwa Lesotho, kwenye mwamba wa mapema zama za Jurasi, kimojawapo cha vipindi vya dinosaria, uliokuwa ukingo wa mto. Dinosaria mmoja mla majani alipita pale kwenye tope. Sehemu ya mtelezo, chini, ameweka miguu minne yote, ameitanua, kisigino kimekanyaga. Anapanda. Akifika juu, pakavu na tambarare, mikono inatoweka, nyayo zinasogeleana, anatembea kwa vidole vya miguu miwili. Wewe na mimi tungefanya hivyohivyo tukipanda kingo za Mto Zigi mvua zikinyesha. Na mla nyama aliyepita mwambani hapohapo hakushusha mikono. Aling'ang'ania kwa kucha za miguu. Wanyama wawili, mtelezo mmoja, kila mmoja na ufundi wake, na mwamba ukayaweka yote.

Waogeleaji nao wapo: La Rioja, Hispania, kuna mikwaruzo ya ncha za kucha kwenye iliyokuwa sakafu ya maji, ya dinosaria aliyeelea huku vidole vikigusa chini. Warukaji pia: Microraptor gui wa China, aliyetangazwa mwaka 2003, alikuwa na manyoya marefu ya kurukia mikononi na miguuni, mabawa manne. Hao nawapita haraka, kila mmoja anastahili siku yake.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni: "Na Tanga je, hatuna?" Mzee wangu, chokaa ya Amboni, na ile inayochimbwa kwa saruji, ilitandikwa baharini zama za Jurasi. Wakati dinosaria wanatembea nchi kavu, hapa palikuwa maji. Machimbo ya saruji yamewahi kuleta bahati, sikatai. Kule Sucre, Bolivia, ukuta wa machimbo ya namna hiyo una nyayo zaidi ya 5,000, ila ule mwamba ulikuwa ufuko wa ziwa.

Sisi bahari ilitupa kingine. Silikanti, samaki wa kale. Wavuvi wa huku walianza kumtoa kwenye jarife miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kabla ya 1938, alipopatikana Afrika Kusini, wataalamu waliamini ukoo wake ulikwisha pamoja na dinosaria. Mapezi yake yana nyama kama vimikono, basi wakasema bila wasiwasi: huyu anatembea chini ya bahari. Mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke alishuka na chombo cha kuzamia huko Komoro akamtazama. Hatembei. Anaelea. Lakini mapezi anayasogeza kwa zamu, la mbele kushoto pamoja na la nyuma kulia, kisha kinyume chake, mpangilio uleule wa farasi wa mchakamchaka. Hapo binti wa kidato cha pili angesema, "Haya, huyu ameonekana." Ndiyo. Na walipomwona, wakakuta makisio ya umbo peke yake yalikosea.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Jumamosi asubuhi, maji yakitoka, tutakuwa ufukweni Raskazone na wanafunzi. Mchanga ukiwa na maji kidogo unashika unyayo vizuri. Mmoja atatembea, mmoja atakwenda mchakamchaka, mmoja atakimbia, na wengine wasiowaona watapima nyayo na kutaja kasi. Mwenye saa ya kuhesabia sekunde atatuambia nani kakaribia. Leteni futi kamba, daftari na maji ya kunywa. Mzazi mwenye mtoto mdogo anayejua kutambaa kwa miguu minne amlete pia, tunamhitaji sana. Majina yanaandikwa pale mlangoni kwa mwalimu wa baiolojia.